Mtu Aliyelichukua Kosa Langu

Msomaji, kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, nikupe kwa ufupi aibu yangu ilipofikia.

Mimi ni mpimaji wa maji. Nilimaliza chuo mwaka juzi, nikaajiriwa kwenye mtambo unaosafisha maji ya mji wetu. Kila saa natumbukiza kidonge kwenye kichupa cha maji, nasubiri yageuke rangi ya waridi, nalinganisha rangi hiyo na kadi, najua kama dawa ya klorini inatosha. Kisha naandika kitabuni. Kwa kawaida ni sifuri nukta tano.

Jumamosi moja sikupima. Asubuhi nilijaza mistari sita mfululizo ya saa ambazo hazijafika, yote nukta tano, kwa sababu wiki nzima ilikuwa nukta tano na sikuona sababu ya siku hiyo kuwa tofauti. Nikapanda ofisini kuandika somo la vijana wa kanisani. Somo lilihusu uaminifu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi bado sijaweza.

Saa zile zile mrija wa dawa uliziba. Maji yakaenda majumbani bila dawa. Watoto kumi na mmoja wakaharisha mpaka wakapelekwa zahanati wakiwa wamelegea. Kumi wameruhusiwa. Mmoja bado yuko kitandani.

Na kabla sijafungua mdomo kusema ni mimi, mtu mwingine akasema ni yeye.

Ni Mzee Koki, fundi wa pampu, miaka thelathini kazini. Alisimama mbele ya meneja akasema, "Msomi nilimruhusu aende. Kitabu nilijaza mimi." Msomi ni mimi, ndivyo wanavyoniita pale, kwa heshima kidogo na kejeli nyingi. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye. Nikanyamaza.

Yeye akasimamishwa kazi akisubiri kikao cha Ijumaa, ambako angefukuzwa na pengine kukabidhiwa polisi. Mimi nikapewa barua yenye mhuri. Imethibitika, ilisema, kwamba sina hatia.

Sasa hebu niambie. Mtu anachukuaje kosa la mwenzake hivi hivi?

Swali hilo lilininyima raha. Hata mlinzi wa getini aliliona usoni mwangu.

"Anataka nini kwako?" aliniuliza Jumatano nilipokuwa natoka.

"Nani?"

"Usijifanye. Mzee Koki hajashika kalamu tangu anunue simu. Leo tuambiwe amejaza kitabu cha vipimo?"

"Labda ana huruma tu."

"Huruma." Alilitazama lile neno kama noti anayoishuku. "Ana binti anataka umuoe?"

"Hana binti."

"Ana shamba anataka ukamlimie?"

"Hana."

"Basi hapo ndipo pabaya, Msomi. Ungejua anachotaka, ungelala."

Nilikwenda moja kwa moja kanisani. Kila Jumatano alasiri Mzee Koki hufundisha darasa la watu wazima, chumba cha pembeni, viti vya plastiki, ubao wenye ufa. Nilidhani amesimamishwa na huko pia. Nilimkuta amesimama, chaki mkononi, watu tisa mbele yake.

Alikuwa akifundisha lile somo lake la siku zote.

"Mwenye dhambi hawezi kujisafisha," alisema. "Hata akijisugua vipi, ni mikono ile ile michafu inayosugua. Mungu humhesabia haki kwa imani. Bure. Kristo amesimama mahali pake, basi."

Aliposema "bure" aliangalia viatu vyake.

Nilidhani ni bahati tu. Nikasubiri. Baada ya dakika mbili alilirudia neno, macho yakashuka tena viatuni. Mara ya tatu, tena. Nikanyoosha mkono.

"Mzee, kuna mtu amesimamiwa mahali pake. Anajua. Ila hajui aliyemsimamia anataka nini. Afanye nini?"

"Kristo hataki kitu, Msomi."

"Nauliza kuhusu watu."

Mama mmoja wa kwaya aligeuka. "Msomi, tuna mazoezi saa kumi na moja. Maswali ya chuo peleka chuo."

Watu wakacheka. Mzee Koki hakucheka. Alichukua kifutio akafuta ubao, na ubaoni hapakuwa na kitu.

"Watu ni somo lingine," alisema.

Nilipomwona ametoka, nilimfuata. Sijivunii. Sikuwa nimewahi kumfuata mtu maishani, nilitembea kama mwizi wa kuku, nikijibanza kwenye kila nguzo. Alipita barabara ya kwake, hakukata kona. Akavuka uwanja wa shule, akapita duka la vifaa vya umeme, akaingia mtaa ninaoujua kuliko mingine yote.

Akaingia kwetu.

Kwetu ni kwa Shangazi. Mama yangu sikumjua, na baba alifariki nikiwa na miaka sita, ndipo dada yake akanichukua. Ni muuguzi wa zahanati ile ile waliyopelekwa watoto. Amenilea kwa mkono mmoja, mwingine ukichoma sindano watoto wa watu. Kila asubuhi naamka kwa sauti yake akisali.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikajibanza kwenye tangi karibu na dirisha la jikoni.

Shangazi alikuwa ameketi. Mzee Koki alikuwa amesimama, kofia mkononi. Hapo tu nilijua kuna jambo, maana nyumbani kwetu hata muuza sabuni hupewa kiti.

"Ijumaa saa nne," Mzee Koki alisema.

"Utasema kama tulivyokubaliana?"

"Nitasema."

"Hutageuka?"

"Sijageuka miaka kumi na tisa. Nigeuke keshokutwa?"

"Basi ukimaliza, tumemalizana," Shangazi alisema. "Na hapa usije tena."

Mzee akaondoka bila kunywa hata maji.

Shangazi yangu, mtu wa kufunga na kuomba, alikuwa amekula njama na mwanamume niliyedhani hawajuani zaidi ya salamu ya mlangoni kanisani. Nilikaa nyuma ya tangi kama robo saa, nikaingia kwa mlango wa mbele nikijifanya nimetoka mbali.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Mbona suruali ina vumbi?"

"Njia ina vumbi. Kulikuwa na mgeni?"

"Hapana," alisema. "Chai iko mezani."

Alikuwa hajawahi kunidanganya, au mimi ndiye sikuwahi kuhakikisha. Nilikunywa ile chai nikimtazama kwa jicho la pembeni, nikikumbuka kila neno alilowahi kuniambia na kulipima upya.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Mzee Koki chumba cha pampu. Alikuwa ameruhusiwa kuja kumwelekeza fundi atakayeshika nafasi yake. Walikuwa wameinama juu ya mrija wa dawa.

"Chokaa hujikusanya hapa kwenye kona," alimwambia yule fundi. "Usingoje uzibe. Kila asubuhi ufungue, uoshe kwa siki, urudishe. Haya, nenda kaniletee spana kubwa."

Fundi akatoka. Tukabaki wawili na kelele za pampu.

"Jana ulikuwa kwetu," nilisema.

Aliendelea kukaza nati. "Ulinifuata."

"Nilikufuata. Una nini na shangazi yangu?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Nikadhani anatunga uongo. Wiki ile kila aliyenyamaza mbele yangu nilimwona anatunga uongo.

"Unajua baba yako alifanya kazi chumba hiki?"

"Najua. Alifukuzwa kwa kuacha pipa la dawa likauka."

"Pipa lilikuwa zamu yangu."

Nilisogea karibu, nisikie juu ya kelele za pampu.

"Nilikwenda harusini," alisema. "Nikaandika pipa limejaa. Halikuwa na kitu. Watu wakaugua, kama hawa. Wakatuita wote wawili, wakauliza ni nani. Mimi niliangalia chini. Baba yako hakunitaja. Alinitazama tu, akasubiri niseme mwenyewe." Akaminya kile kitambaa. "Mpaka wanamwandikia barua ya kumfukuza alikuwa bado ananitazama. Sikusema."

"Kama mimi."

"Kama wewe. Ndiyo maana siku ile sikukulaumu. Naijua ile sakafu uliyokuwa unaiangalia."

Ungefikiri hapo ningemrukia. Sikumrukia. Kichwa changu kilikuwa kimeshika jambo lingine, kama mbwa aliyeshika mfupa.

"Na Shangazi?"

"Baba yako alipofariki nilikwenda kwake, nikamweleza yote, nikamwomba anisamehe. Akasema, si leo. Mwaka uliofuata nikarudi. Akasema, si leo. Nimekwenda mara kumi na tisa. Wiki ile watoto walipoanza kuletwa zahanati, akanipigia simu. Alijua zamu ni yako, na aliponisomea saa walizoanza kuugua, nikajua mrija umeziba na hukupima. Akasema, siku yako imefika. Ulimwangusha baba, muinue mtoto."

"Kwa hiyo hukunihurumia."

"Nilikuhurumia pia. Lakini nisikudanganye, mwanangu. Nilifurahi. Hatimaye nilipata cha kulipia."

"Na darasani? Kila Jumatano unatuambia bure, bure."

"Ni kweli."

"Unaamini?"

Alikitupia kile kitambaa begani.

"Kwa ajili yenu naamini," alisema. "Yule mama wa kwaya, naamini kabisa kwamba Mungu amemsamehe. Wewe pia. Kwangu mimi huwa inafika hapa," akagusa koo, "inakataa kushuka. Basi nikasema nifundishe. Labda nikiwafundisha wengi, siku moja mmoja wao atageuka anifundishe mimi."

Mimi, msomaji, nilimwonea huruma na hasira kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimekaa miaka miwili miguuni pa mtu anayegawa mkate ambao yeye hajawahi kuuonja.

"Kesho nitasema kweli," nilimwambia.

Alinishika mkono wa shati, kiganja chake bado kimelowa. "Usinifanyie hivyo. Ukisema, mimi nibaki na nini? Kumi na tisa, Msomi. Niache nimalize."

"Watoto walikunywa maji yangu, Mzee. Si yako."

Fundi akarudi na spana. Mzee Koki akaniachia shati, akaendelea na mafunzo kama vile tulikuwa tunaongelea hali ya hewa.

Sikungoja kesho. Nilipanda ofisini kwa meneja, nikaitoa ile barua ya kunisafisha, nikaiweka mezani.

"Nairudisha. Kitabu nilijaza mimi."

Hakuigusa. Alikuwa anachonga penseli, akaendelea kuchonga.

"Irudishe mfukoni."

"Bosi, nimesema ni mimi."

"Nimesikia. Unadhani sijui mwandiko wako? Nilijua kabla mzee hajamaliza sentensi yake ya kwanza."

Nilihisi kama ngazi imeondolewa chini ya mguu wangu.

"Maabara hii ina kibali kwa sababu ina mpimaji mwenye shahada," alisema. "Huyo ni wewe. Ukitoka, tunafungiwa. Mzee amebakiza miezi minne astaafu. Amekuja mwenyewe, amesema mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani?"

"Ningeamini ukweli."

"Mimi nimeamua mji uwe na maji." Akapuliza vumbi la penseli. "Kapanguse uso kabla hujatoka. Watu wataanza kuuliza."

Nilishuka ngazi nikiisoma tena ile barua. Wiki nzima nilikuwa nimeilalia chini ya mto nikijiuliza kwa nini hainipi usingizi. Kumbe aliyeiandika hakuamini hata neno moja ndani yake. Aliyenitangaza mwenye haki alinijua mwenye kosa, akanipitisha kwa sababu nina faida.

Na hapo nikaanza kumshuku hata Mungu, naomba univumilie. Nikajiuliza kama na yeye ndivyo anavyotuhesabia haki, akifumba jicho moja kwa sababu kuna kazi anataka tumfanyie.

Jioni, jua bado lipo, nilimkuta Shangazi anapiga pasi sare yake nyeupe. Ijumaa alikuwa ameitwa kikaoni kusoma orodha ya wagonjwa.

"Mara kumi na tisa, Shangazi."

Pasi ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Amekuambia."

"Wewe ulikuwa uniambie lini?"

"Nikuambie nini? Kwamba unayemwamkia kila siku kazini ndiye aliyemmaliza baba yako? Nilikulea uwe na roho nyepesi. Lile zigo nikalibeba mimi. Nilifanya vibaya?"

"Ulimwambia achukue kosa langu."

"Nilimwambia alipe."

"Kila asubuhi unasali, Shangazi. Nakusikia. Unasema Mungu atusamehe."

"Unanisikia vizuri?" Aliikalisha pasi wima. "Sikiliza vizuri kesho. Kile kipande cha sisi kuwasamehe wengine huwa nakiruka. Mungu anajua, na mimi najua anajua. Hatujawahi kudanganyana."

Nilivuta kiti nikaketi.

"Bure ni tamu kwa asiyeumia," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kaka yangu alikuwa fundi mwenye cheti. Baada ya barua ile hakuna mtambo uliomtaka. Akawa anabeba magunia sokoni. Alipoanguka niliitwa mimi. Nilimvua viatu kwa mikono hii. Vilikuwa vimeisha soli, ameweka kadibodi ndani. Wewe ulikuwa unacheza nje, hukujua. Sasa mtu aje na kofia mkononi aniambie Yesu amelipa, nimsamehe? Amelipia viatu vile?"

"Sijui, Shangazi."

"Hujui. Basi kesho kaa kimya kama ulivyokaa siku ile. Ulikuwa unaweza."

Hilo lilinikata. Alijua litanikata. Akachukua pasi, akamalizia kola.

"Nitasema," nilimwambia.

"Ukisema, watakufunga. Na yeye atatoka bure, na baba yako atakuwa amepoteza mara mbili. Lala salama."

Na ilikuwa bado saa kumi na mbili.

Ijumaa saa nne tulikuwa chumba cha mikutano. Meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mkaguzi aliyetoka makao makuu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, hana haraka, anauliza swali moja na kusubiri. Meneja kulia kwake. Shangazi upande wa dirisha, daftari la wagonjwa mapajani. Mzee Koki amevaa koti lake la ibada. Mimi mwisho wa meza, naonekana kwenye orodha kama shahidi.

Shangazi alisoma majina kumi na moja na umri wao. Mdogo kabisa alikuwa na miezi minane. Sauti yake haikutetereka. Aliposoma la mwisho, la yule ambaye bado amelazwa, hakuniangalia.

"Mzee," Mkaguzi alisema, "unakubali kwamba uliandika vipimo hivi bila kupima?"

"Nakubali."

"Bila kushurutishwa?"

"Bila."

Mkaguzi alifungua kalamu atie sahihi. Niliona ncha inashuka. Nikamtazama Mzee Koki, naye akatikisa kichwa taratibu, akinisihi. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa ananikodolea jicho ambalo kwa miaka kumi na tisa lilitosha kunikalisha.

Nikasimama.

"Huyo hakuandika. Niliandika mimi."

Meneja alicheka kidogo. "Mheshimiwa, kijana ana moyo laini. Hajalala, anamhurumia mzee wake wa kanisani."

"Hata mimi namhurumia," Mkaguzi alisema. Akachana karatasi mbili, akaisukuma moja kwangu na nyingine kwa Mzee Koki. "Andikeni sifuri nukta tano. Mara sita."

Niliandika. Zangu zilitoka zile zile za kitabuni, sifuri zimelala upande, tano zina mkia mrefu. Mzee Koki aliandika akiuma ulimi. Namba zake zilipanda mlima, zikashuka, ya sita ikatoka nje ya mstari.

Mkaguzi aliziweka karatasi juu ya kitabu. Hakuhitaji hata kuinama.

"Kijana, kaa. Lako nitalijia. Usitoke hapa."

Nilikaa. Nilikuwa nimeogopa dakika ile kwa siku kumi na tatu, na sasa imepita. Sikujisikia msafi. Nilijisikia nimevuliwa shati mbele ya watu, na ajabu yake bado nilikuwa napumua. Pengine, niliwaza, ndipo inapoanzia. Pengine mtu hawezi kupewa haki ya bure mpaka ile ya bandia itoke mfukoni kwanza.

"Na wewe, Mzee," Mkaguzi alisema. "Umeudanganya mtambo na umenidanganya mimi. Kwa nini?"

Mzee Koki aliinuka, akaizunguka meza yote, akishika migongo ya viti, mpaka akafika dirishani. Akasimama mbele ya Shangazi. Safari hii hakuwa na kofia, na mikono haikujua iende wapi.

"Muuguzi," alisema. "Umeona mwenyewe. Nilikuja nimebeba, nimenyang'anywa mlangoni. Kazi wataichukua, na si kwa ajili yenu tena, ni kwa uongo wangu. Sina cha kukupa. Leo nakuomba hivi hivi."

"Haya yanahusu nini?" Mkaguzi aliuliza.

Meneja aliangalia dari.

Shangazi alifunga daftari la wagonjwa. Alimtazama yule mzee muda mrefu, kuanzia kola ya koti mpaka viatu. Nilidhani namjua. Nilidhani atasema, si leo, mara ya ishirini.

Akanigeukia mimi.

"Mimi nilipoteza kaka," alisema. "Wewe ulipoteza baba. Yule marehemu ni wako kuliko wangu, na wewe ndiye mwenye kuipenda hiyo bure yenu. Basi mjibu wewe."

Watu wote wakanitazama.

Nilifungua mdomo bila wasiwasi. Neno nililijua. Nimelipenda tangu utotoni, nimeliandikia masomo ya vijana, na dakika mbili tu zilizopita nilikuwa nimelihitaji kuliko hewa. Nilikuwa na hakika liko pale pale, nyuma ya ulimi, likisubiri kuitwa.

Lakini tangu jana nilikuwa nimeshughulika na kosa langu, na barua yangu, na imani ya Mzee Koki. Sikuwa nimekaa hata mara moja kumfikiria mtu aliyetembea na kadibodi ndani ya viatu. Sasa alikuja. Alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania, karibu umri wangu. Alikuwa ameketi chumbani humu humu, akimtazama rafiki yake, akisubiri aseme.

Mzee Koki alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la woga, la mtu anayejua sasa amefika kwa mtu mpole.

"Siwezi," nilisema.

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pake kidogo, halina mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa.

Na Shangazi, ambaye miaka kumi na tisa alikuwa hana jibu lingine ila hilo, aliposikia likitoka kinywani mwangu alijifunika uso kwa daftari la wagonjwa, akaanza kulia.